Marehemu wa Tarakea Ni Mimi

Shangazi Pamela, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimeua mtu ambaye hajawahi kuzaliwa na sasa watu wazima wanamlilia.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, naishi Pasua, mchana nauza vitenge na jioni ni mhariri msaidizi wa jarida dogo la fasihi hapa Moshi liitwalo Mteremko, ambalo hutoka mara nne kwa mwaka kama mashine haijaharibika, na lina washairi wengi kuliko wasomaji. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Ebenezeri, mstaafu, mtu mwema ninayemheshimu kama baba. Miaka miwili iliyopita nilimpelekea shairi kuhusu marehemu mama yangu, alivyokuwa akishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha kichwani hadi Marangu, akalirudisha akisema, "Elinipendo, mwanangu, hili linafaa kusomwa kwenye kipaimara," nikalirekebisha nikalipeleka tena, akalirudisha tena, basi nikasajili laini nyingine ya simu nikalituma lilelile, bila kubadili hata nukta, kwa jina la Remigius wa Tarakea, kule Rombo mpakani mwa Kenya, na Mwalimu akaliweka ukurasa wa kwanza na kutangaza kikaoni kwamba hatimaye Rombo imetoa mwanaume anayejua kuandika.

Nilipaswa kusema palepale. Sikusema, nilikunywa chai yangu, na tangu siku hiyo Remigius ametoa mashairi tisa, na Flavia, katibu wetu, akawa anasema hajapata kuona mwanaume anayewaelewa wanawake kiasi kile, na Januari, ambaye hujiona ndiye mshairi wa mlima mzima, akawa anasema jamaa anaiga mtindo wake.

Mwezi uliopita kamati ikaamua Remigius aje kwenye sherehe ya miaka kumi ya jarida, ukumbini mtaa wa Soweto hapahapa Moshi, asome mbele ya wageni, nikaona sina pa kukimbilia, nikamtumia Mwalimu ujumbe kutoka ile laini nyingine nikijifanya dada yake, kwamba Remigius aliugua ghafla akafariki na tumeshamzika. Nilidhani yameisha. Kumbe ndiyo yameanza. Jarida ambalo huwa linaomba mashairi kama watu wanavyoomba mvua limepokea maombolezo arobaini na moja kwa wiki mbili, Januari peke yake ameandika manne akimwita "pacha wa kalamu yangu", Flavia amevaa nyeusi na anadokeza kwamba kulikuwa na maelewano kati yao, na Mwalimu Ebenezeri alilia mbele yetu, Shangazi, alitoa leso akalia. Jumamosi wamekodi basi dogo twende Tarakea kuweka shada kaburini, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuonyesha njia kwa kuwa niliwaambia nimeongea na familia kwa simu.

Binamu yangu Praygod, anayefanya biashara pale mpakani, anasema nisihangaike, anajua kaburi moja ambalo wenyewe walihama, tutalipaka chokaa. Na nikwambie ukweli, kinachoniuma zaidi ni wivu, kwa sababu huyo marehemu anapendwa kwa maneno yangu na mimi hakuna anayeniuliza kama ninaandika. Nikubali kaburi la Praygod, au nijiuzulu nikae kimya?

Elinipendo, Pasua

*

Marahaba, Elinipendo.

Barua yako ilinifikia Jumanne, na kwa kuwa Jumamosi haisubiri gazeti, nilikupigia simu. Wasomaji nao wajue nilichokwambia.

Kwanza nilikugombeza. Kaburi la watu haliazimwi. Mngelipaka chokaa, halafu wenye marehemu wao warudi kutoka Nairobi wamkute Flavia amepiga magoti. Praygod aendelee na biashara zake.

Kisha nilikuhurumia, maana shairi lilikuwa moja, majina mawili, majibu mawili, na hiyo aibu ni ya kamati. Lakini kuonewa si kibali cha kumliza mzee. Nikakwambia ukate jani la sale, kama huku kwetu tunavyofanya tukienda kuomba radhi, ulipeleke kwa Mwalimu mwenyewe, nyumbani kwake, simu uiache.

Ukaenda, ukamweleza yote. Umenieleza kwamba aliliweka jani mezani akakumiminia chai, ndipo akauliza, "Lile la majani ya ng'ombe nililikataa mara ngapi?"

"Mara mbili, Mwalimu."

"Nisomee sasa."

Ukamsomea. Akasema, "Ningekusikiliza mapema, asingekufa mtu." Safari ya Tarakea akaifuta mwenyewe.

Sasa unaniandikia tena kwamba habari zimevuja, Flavia hakusemeshi, na Januari anataka maombolezo yake yachapwe hivyohivyo. Sikiliza. Kujiuzulu usahau. Kwa Flavia nenda peke yako, na usimcheke hata kwa jicho. Aliyevaa nyeusi kwa ajili ya mtu asiyekuwepo anahitaji rafiki. Kikaoni simama useme ulichofanya kwa sentensi tatu, bila tamathali, najua itakuwia vigumu. Udai kwamba kuanzia toleo lijalo mashairi yasomwe na kamati bila majina. Lile la mama yako lichapwe upya, chini yake jina lako kamili. Na yale arobaini na moja yarudishe kwa wenyewe pamoja na barua fupi: marehemu ameyasoma yote, anashukuru, na anaomba vina virekebishwe.