Milioni Moja na Moja

Kinyangiri, 9 Mei

Shangazi Evodia, shikamoo.

Alizeti zimekauka, mama anazipura. Lakini nakuandikia kwa jambo jingine.

Unamjua Asnath, binti wa jirani yako hapo Sekenke, aliyesoma bweni shuleni kwetu. Mwaka jana nililiambia darasa kwamba 1,000,001 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nilikuwa nimejaribu namba tasa zote hadi 97, nikachoka. Asnath akaandika daftarini, akanionyesha: 101 mara 9,901.

"Nani kakupa jibu?" nikamuuliza.

"Madam, si uzidishe tu!"

Darasa zima likacheka. Nikamwita jeuri, mkuu akamsimamisha. Baba yake akasema shule basi, akamweka kuponda mawe ya dhahabu.

Leo nimelikuta daftari lake kabatini, nikazidisha. Ni kweli, shangazi. Baada ya 97, namba tasa inayofuata ni 101. Niliishia hatua moja tu kabla yake.

Mkuu atampokea akifika Jumatatu. Jumamosi nakuja kumwambia baba yake kwamba aliyekosea ni mimi. Asnath usimwambie, naogopa atakataa kuniona.

Mwanao,
Selina