Kilalo ya Kamba na Heshima ya Mama-Mukwe

Mama Furaha, bibi yangu,

Munaamuka aje kule Masisi? Magoti ya mama yako iko inamuuma tena? Maharagi imeshaanza kuchanua? Mimi niko muzima huku karibu ya Mpofi, nimenona kidogo, bamama ba hapa bananiangalia sana. Katekista njo anaandika, mimi nasema tu. Kama unaona uongo ndani, ni ya kalamu yake.

Mbele ya yote: kaka yako Petro, mwenye niko naye huku, iko muzima. Usilie, sikia kwanza.

Muti ilimuangukia mu shamba, mupaja ikavunjika. Disipanseri iko ngambo ya mutoni, na mvua ilikuwa imebeba kilalo, ile daraja ya mbao. Nikasema tulete kitanda ya chuma, bantu munane tumubebe. Bantu ba pori bakacheka. Bakakata kekele, ile kamba ya pori yenye miiba, bakaipasula, bakasuka kipoyi ya kubeba mugonjwa mbele hata maji ya bugali itokote. Niliinua na kidole moja. Unanijua, mimi hata ngombe ninainuaka, lakini hii hata wewe ungeinua.

Kilalo yao ya kupitia nayo ni kekele tupu, hakuna musumari hata moja. Nikauliza kama hii haiko ya kufunga mbuzi. Nikaingia na botini, nakanyaga sawa vile napanda mulima yetu. Kilalo ikaruka, Petro akalia, karibu amwangike mu maji. Muzee mwenye alikuwa mbele akasimama, akaniambia polepole:

« Papa, toa botini. Tembea sawa unapita mbele ya mama-mukwe. »

Hapo njo nikajua kutembea. Nikavua botini, nikaitupa kule tulitokea, nikainamisha kichwa, nikanyamaza, mimi huyu. Kamba ikalia kidogo tu, ikatubeba sisi banne na Petro mpaka ngambo. Mupaja banainyoosha, banasema atatembea.

Nilimuuliza ule muzee kama kilalo inadumu. Akasema mvua inaiozesha, inarudi udongo, banasuka ingine. Chuma ikikufa inabakia pale, inatukata miguu.

Salimia binti yetu Furaha na bwana yake, na ule jirani mwenye ananiitaka muongo. Mama yako, umuambie hivi: miaka yote namuogopa, na ile woga njo imemurudishia mutoto wake.

Ni mimi bwana yako, Papa Furaha, mwenye botini yake ilibakia ngambo ile tulitokea.