Angetile, Uliyezuia Watu Wasipite

Mwaka umekatika, Angetile, tangu asubuhi ile simu ilipoita na Mama yetu Anyes yuko uani, udongo wa vyungu umempanda mpaka viwikoni. Aliyepokea ni dada yako Tulinagwe. Alisikiliza, akaishusha simu.

“Nani huyo? Mbona umeishusha simu?” Mama akauliza.

“Ni Marekani, Mama.”

Mama hakuuliza la pili. Aliinamia ndoo akanawa mikono, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetaka kazi hiyo isiishe. Alipomaliza ndipo akakaa chini na kulia.

Wasiokujua wajue kwamba ulizaliwa hapa hapa Matema, mtoto wa Lameck Mwaikenda, na tangu ukiwa darasa la tano viatu vya dukani havikukuenea. Kanisani ukikaa mwisho wa benchi, wa upande wa pili wananyanyuka. Tulikutania sana nawe ulicheka kuliko sisi. Ulikwenda Marekani kusoma huku ukicheza mpira wa kikapu, lakini walimu wa kule walikutazama mabega wakakuhamishia kwenye ule mchezo wao wa kugongana. Ulipotuma picha ya kwanza ukiwa na kofia ile ngumu, Matema yote iliuliza ni mpira gani huo wa kuvaa ndoo kichwani.

“Mama, kazi yangu ni kumzuia mtu asipite,” ulimweleza kwenye simu.

“Basi? Na hiyo nayo ni kazi?”

Ilikuwa kazi, na uliijua. Misimu minane katika timu mbili, magoti yakipasuliwa na kushonwa, ulisimama mstari wa mbele na kumfuata yule mrusha mpira wa timu pinzani mpaka chini. Kuna mchezo mmoja ulimwangusha mara tatu, na uwanja mzima ukaimba jina lako, japo walilitamka vibaya. Baba mdogo Hezroni alituwekea mchezo huo kwenye televisheni yake, watu wakajaa mpaka dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza Mama kukuona kazini.

“Wanamuua mwanangu!” alipiga kelele.

“Hapana, shemeji, yeye ndiye anayewaangusha,” Baba mdogo akamtuliza.

Mama alitazama tena yule kijana aliyelala kwenye nyasi. “Na mama wa huyo yuko wapi?” akauliza. Sisi wengine tulikuwa tunashangilia.

Ukija likizo hukujifanya mzungu. Siku ya gulio la Lyulilo ulishuka ufukweni mwa ziwa kuwapokea akina mama wafinyanzi wa Ikombe, ukawabebea vyungu kutoka kwenye mitumbwi, viwili kila mkono. Bibi akipita, wewe na ukubwa wako wote ulichuchumaa kumwamkia. “Ugonile, bibi.” Watoto walining’inia kwenye mikono yako nawe uliendelea na mazungumzo.

Aliyetambua mapema kwamba hali yako si sawa ni Mama. Unakijua kidole chake, kile cha kugonga chungu kikitoka motoni, asikilize kama kina ufa ambao jicho halioni. Ulipiga simu jioni moja, mkaongea vizuri tu, ukaaga. Akaweka simu mapajani. “Sauti ya mwanangu haiko nzima,” alisema. Tukamwambia ni mtandao.

Halafu ukaja mwenyewe. Ulivaa miwani nyeusi hata ndani ya nyumba. Ulimfokea mtu kwa kuburuta kiti, kisha ukamwomba radhi mpaka naye akalia. Siku ya pili mezani ukauliza, “Baba atarudi saa ngapi?” Baba ambaye wewe mwenyewe ulimshusha kaburini.

Kwetu mtu akifikia hapo hatuanzi na hospitali. Tunaulizana nani ana kinyongo naye, maana manung’uniko ya ndugu humwingia mtu mwilini. Baba mdogo Hezroni akatuita ukoo mzima. Mmoja mmoja tulitoa ya moyoni: huyu hukumsalimia sokoni, yule hukufika msiba wake. Kila aliyesema alichukua funda la maji akalitema chini, yaishe. Wewe ulikaa katikati, ukamwomba kila mmoja msamaha, hata wale usiowakumbuka ni nani. Usiku ule ulilala usingizi mzuri na kesho yake ulicheka. Tukasema, ndaga fijo, asante sana, Mungu ametusikia. Tukakuacha upande ndege.

Siku ya kuondoka ulikaa na Mama ziwani. “Mama, nikifa, madaktari wa kule watafungua kichwa changu waangalie. Nimekubali,” ulimwambia.

“Achana na maneno hayo. Jambo lako tumeshalimaliza.”

Aliamini hivyo kweli, Angetile. Sote tuliamini.

Ulianguka bafuni kule Marekani, katika nyumba uliyokaa peke yako, hukuinuka tena. Rafiki yako Dickson, mliyecheza naye, ndiye aliyekuleta. Jeneza lilipofunguliwa Mama alikushika uso, akapitisha mkono nyuma ya kichwa, akakuta mshono. Akamgeukia Dickson. Kijana wa watu alieleza huku akilia, na Tulinagwe akatafsiri: ubongo umebaki kwa madaktari.

“Basi mwanangu hajafika,” Mama akasema. Watu walimshika wakadhani ni uchungu wa msiba unasema. Tukakuzika ubavuni mwa Baba, tukarudi nyumbani, na Mama akaanza kungoja.

Majibu yalikuja kwa simu miezi kadhaa baadaye. Daktari alisema ubongo wako uliharibika kwa vishindo vya miaka yote ile, hata vile vidogo ambavyo havikukuangusha. Dawa haikuwepo. Tulinagwe alimweleza Mama kila neno. Mama alikuwa na swali moja tu.

“Wamemaliza kuangalia?”

“Wamemaliza.”

“Basi waurudishe.”

Daktari alijibu kwa upole mkubwa, hatuna la kumlaumu. Ubongo umekatwa vipande vyembamba sana na umehifadhiwa ili wengine wajifunze na wachezaji wengine wapone. Haurudi. Wewe mwenyewe ndiye uliyekubali.

“Shemeji, ulikuwa uamuzi wake, tuuheshimu,” Baba mdogo akasema.

“Alikubali kwa kichwa kipi, Hezroni? Kile kilichomsahau baba yake?”

Tangu siku hiyo tumeomba, tumepiga simu tena na tena, tumemwomba mchungaji azungumze nao. Jibu ni lile lile. Mama haumbi tena vyungu. Udongo anaukanda, lakini anakwenda nao kaburini kwako, maana mvua za huku unazijua, kila zikinyesha kaburi linatitia. Anajaza, analainisha kwa kiganja, mvua inashuka, anarudi kujaza. Tumemkuta huko ameloa, anatetemeka, tukamburuta kumrudisha ndani. Tunaogopa, Angetile. Hatujui la kumfanyia.

Wiki hii Baba mdogo alileta mafundi na saruji wakujengee, kama ilivyo desturi mwaka ukitimia, na ili Mama apumzike na mvua. Walipofika walimkuta amekaa juu ya kaburi, miguu ameinyoosha.

“Shemeji, toka, tunamjengea mtoto nyumba.”

“Mkifunga leo, hicho kilichobaki kikija kitaingilia wapi?”

“Hakiji, shemeji. Umeshaambiwa hakiji.”

“Nimeambiwa, nimesikia. Nimekuuliza kitaingilia wapi.”

Baba mdogo alivua kofia, akakaa kando yake kwenye matope na suti yake, akalia kama ambavyo hakulia siku ya msiba. Mafundi waliweka mabeleshi chini. Mwishowe Mama alinyanyuka mwenyewe, akawaonyesha kwa mkono. “Jengeni kuanzia miguuni, mkifika mabegani komeni.”

“Mama, kaburi la namna hiyo sijawahi kujenga,” fundi alisema.

“Utaanza na hili.”

Limejengwa hivyo. Saruji inaishia mabegani, na upande wa kichwa ni udongo mtupu ambao Mama ameulainisha kwa mikono yake. Wapitao wanadhani tuliishiwa.

Wanaokukumbuka ni Mama yako Anyes, Baba mdogo Hezroni, dada yako Tulinagwe, rafiki yako Dickson aliyeko Marekani, ukoo wote wa Mwaikenda, na akina mama wa Ikombe uliowabebea vyungu. Ibada ya kukukumbuka itafanyika Jumapili nyumbani Matema.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Tulitaka kumalizia kwa kuandika kwamba umepumzika, Mama akatukataza. Amesema tuandike hivi: Njoo, mwanangu. Hatujafunga.