Pikipiki ya Theluji Isiyo na Injini

Euless, Texas

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umetulia, na baridi ya Njombe haijakukaza vidole ukashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kifua cha Mama nacho kinaendeleaje? Sisi huku tunaungua. Leo mchana joto limefika digrii arobaini na lami ya maegesho inabonyea chini ya viatu. Mimi ni mzima na kazi ipo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei. Dada Yusta ndiye aliyenipa habari kwamba umekataa kumtuma mshenga Iringa, kwa kina Neema, na kwamba umesema mtu asiyeshika neno lake haombewi mke. Ujumbe huo niliusoma nikiwa kwenye foleni dukani, nikaacha vitu kwenye kikapu nikatoka. Kukataliwa ningekuvumilia, Baba. Kilichoniuma ni kuhukumiwa bila kuulizwa. Hata mwizi wa kuku huulizwa.

Yusta anasema umeiona picha yangu, nimevaa helmeti na nimeshika usukani, theluji nyuma yangu. Ukakumbuka kiapo nilichokula mbele yako na Mama, baada ya lile lori kunigonga barabara ya Makambako, kwamba sitaendesha pikipiki tena maisha yangu. Ukafunga hesabu. Sasa naomba tuifungue.

Unajua nilianzia kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, nikipakua mizigo, na mwisho wa wiki nashona mezani jikoni. Hakuna aliyenishika mkono. Sasa ni mwaka wa pili niko Fort Worth, kwenye duka linalouza na kukodisha nguo za theluji. Usishangae. Watu wa huku theluji hawana, ila likizo wanayo. Wanapanda magari yao hadi milima ya Colorado kuendesha pikipiki za theluji. Hazina magurudumu. Mbele zina mbao mbili za kutelezea na chini zina mkanda mpana wa mpira wenye meno, kama wa tingatinga. Ni za mwendo mkali, na upepo wa huko unaweza kumkausha mtu masikio. Kwa hiyo mwendeshaji huvaa helmeti, miwani mipana, glovu nene, buti za kufika karibu na goti, na suti moja ya nailoni inayomfunika kuanzia shingoni hadi vifundoni.

Suti hizo zilikuwa zikirudi zimepasuka. Kati ya arobaini nilizopokea msimu wa kwanza, thelathini na moja zilipasuka mahali pamoja, makalioni. Mwenye duka, mzee mmoja wa hapahapa Texas, akalaumu uzi. Nikamwambia uzi hauna kosa, mteja amepimwa amesimama. Ulinifundisha kumpima mtu amenyooka kama askari wa gwaride, na kwa suti ya harusi ni sahihi kabisa. Lakini huyu hasimami, Baba. Anakaa ameinama, magoti juu, mikono mbele. Mgongo wenye inchi kumi na tisa akisimama, akikaa hivyo unakuwa ishirini na mbili. Inchi tatu hizo ndizo zilizokuwa zikipasuka.

Nikamwomba pikipiki moja mbovu. Wakatoa injini, wakaiweka kwenye chumba changu cha kushonea, na siku hizi kila mteja nampima akiwa juu yake. Hilo la kupasuka likaisha. Likabaki la upepo kupenya kwenye zipu. Hapo nikakumbuka tulivyokuwa tukivaa makoti kinyume kwenye bodaboda, mgongo ukiwa mbele ili kifua kisiwe na upenyo. Nikashona kipande kizima kisicho na mshono, kikakaa nyuma ya zipu. Ili nijue kama kinafaa, nikavaa suti yote, na helmeti, nikakaa juu ya ile mashine, nikawasha feni kubwa inielekee kifuani. Neema alikuwa ameniletea chakula akitoka zamu kwenye hospitali anayofanyia kazi hukuhuku Texas. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanipiga picha.

Theluji uliyoiona nyuma yangu ni karatasi ya ukutani. Mwambie Yusta aikuze picha, utaona katikati ya mlima kuna swichi ya taa.

Na kuna jambo ambalo sikumwambia hata Yusta. Suti mpya zilipokuwa tayari, mwenye duka alitaka zijaribiwe mlimani. Akasema aliyeshona ndiye aendeshe. Nikakataa. Deo, Mrundi ninayeshona naye, akanivuta pembeni.

"Festo, hii si pikipiki. Pikipiki iko na magurudumu."

"Ina usukani?"

"Iko nao."

"Inakwenda?"

"Sana."

"Basi Baba yangu hahesabu magurudumu."

"Baba yako yuko Njombe, ndugu yangu. Atakuona na darubini?"

Nikamwambia kiapo hakikuwa cha kuonwa. Akatikisa kichwa, akaenda yeye. Alirudi midomo imebabuka, anasifu kile kipande cha kifuani kwa kila anayeingia. Wiki iliyofuata mwenye duka akasema msimamizi wa ushonaji lazima awe mtu aliyewahi kuiendesha mashine, kwa sababu wateja humwamini zaidi. Leo Deo ananisimamia mimi, kwenye suti nilizozikata mimi. Deo ni mtu mwema, ananiuliza kabla ya kukata chochote. Lakini iliniuma, na inaniuma. Ndiyo maana maneno yako yalinichoma. Huku nimepitwa kwa sababu nimeshika neno langu, na huko naambiwa sijalishika.

Neema anasema baba yangu ni mkali kuliko mkuu wake wa zamu, eti nikuombe radhi tu yaishe. Nimemkatalia. Nikiomba radhi kwa nisilolifanya, utabaki ukiamini nililifanya.

Mzee Mgaya ulimchagua mwenyewe kuwa mshenga, tangu Pasaka. Baba yake Neema ameniuliza mara mbili wazee wangu watafika lini. Mara zote nimemjibu kwamba mko kwenye viazi. Akiuliza mara ya tatu sina viazi vya kumpa, na binti yake atajua kwamba kwetu hana mlango.

Nisalimie sana Mama, na mwambie dawa ya kifua ameze hata akijisikia nafuu. Dada Yusta simwekei kinyongo, ila picha ya mtu huulizwa mwenye picha kwanza. Baba Mdogo wa mashine ya kusaga na Shangazi anayetufugia ng'ombe nao wafikishie salamu zangu. Deo naye anakuamkia, anasema anaogopa kukutana nawe.

Ulitaka neno langu nikiwa kitandani hospitalini, mguu umefungwa, nikakupa. Sasa na mimi nataka lako, Baba, na Mzee Mgaya alibebe mpaka Iringa.

Ni mimi mwanao wa pili,
Festo