Jikoni kwa Mama Pasiguswe

Barazani, kwenye cherehani,
Jumanne, baada ya chai.

Mpendwa mwanangu,

Kabla ya jambo lolote nakuulizia hali. Vidole vyako vinaendeleaje na baridi ya hilo ghala la samaki? Ile glavu iliyochanika umeshabadilishiwa, au bado unajaza kitambaa ndani? Na unakula? Usinijibu "nakula, mama mdogo" kama unavyosema kwenye simu. Niambie unakula nini na nani anapika.

Huku tunaamka salama. Magoti yangu ni yale yale, yananisema nikikanyaga cherehani muda mrefu, lakini hayajanilaza. Baba yako mdogo anakusalimu sana. Tangu astaafu useremala amekuwa fundi wa kila kitu asichokijua. Juzi aliitengeneza redio, na sasa hatuna redio.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hatufiki popote mimi na wewe. Ukinyamaza kidogo najua unalia, nami naanza, mwisho tunaagana sijasema nilichokusudia. Barua hii anakuletea jirani yetu dereva wa lori, yule mwenye pengo. Safari hii anapita mlangoni kwenu kabisa, na ameahidi utakuwa nayo kabla ya Jumapili, siku yako ya kupiga simu. Tafadhali isome yote kabla hujapiga.

Mama yako namkumbuka kwa vitu vidogo. Vile vikubwa watu walivisema siku ya maziko, na walivisema vizuri. Mimi nakumbuka alivyokuwa akionja chumvi. Anadondosha mchuzi nyuma ya kiganja, analamba, kisha anatazama juu kama mtu aliyesahau jina la mwenzake. Nakumbuka alivyovunja ukuni kwa goti bila kukatisha hadithi. Na nakumbuka kikohozi chake. Tulikizoea kama watu wanavyouzoea mlango wa kwao unaolia. Alfajiri ukikisikia, unajua chai iko motoni. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimwiga, umeshika kiuno na umejikunja kama kizee, na sote tunacheka, na yeye anacheka mpaka anakohoa tena.

Siku zile za mwisho daktari alituuliza mama alivuta sigara kwa miaka mingapi. Baba yako mdogo alitaka kucheka, mdomo ukabaki wazi. Mama yako, ambaye alishawahi kumtoa mgeni barazani kwa ajili ya sigara! Tukasema hakuvuta hata siku moja. Daktari akauliza alikuwa anapikia nini, na wapi. Hapo tukatazamana, kisha nikamjibu mimi: kuni, ndani.

Nadhani wewe uliamini anapikia lile jiko la gesi ulilomtumia. Ngoja nikueleze lilivyoishi. Siku lilipofika alilifuta, akaliweka sebuleni kando ya kabati la vyombo, akalifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, na juu yake akapanga maua ya plastiki. Mtungi ukakaa nyuma ya kochi. Baba yako mdogo alipoliona akasema, "Shemeji, hili jiko limevaa kunishinda." Akamjibu, "Na wewe ungetumwa na mwanangu ungevishwa." Kila Ijumaa alilipangusa. Liliwashwa mara moja tu, wakwe zako walipokuja, likachemsha chai, likasuguliwa mpaka likang'aa, likarudishiwa nguo yake.

Siku moja nikamuuliza, "Dada, unajitesa na moshi wa nini na jiko lipo?" Akaniambia, "Likichakaa, mwanangu akija atakuta nini?" Nikaona huo ni upendo, nikanyamaza. Na ulikuwa upendo, sikatai. Lakini laiti ningebishana naye. Laiti tungenuniana hata mwezi mzima, halafu tukapatana, naye akawa anachemshia gesi mpaka leo.

Kuna jambo jingine, nalo halinitoki. Mke wako alipokuwa mjamzito, mama yako alikuwa hamruhusu kukaa jikoni. Akimwona tu mlangoni anapaza sauti: "Toka humu! Moshi huu na hilo tumbo wapi na wapi?" Anamkabidhi sinia la mchele akachambue barazani kwangu. Yeye anarudi ndani, anainama, anapuliza moto, machozi yanamtiririka. Kwa hiyo alijua. Alijua kwa ajili ya mwenzake. Sisi wengine wote tulipita pale mlangoni, tukachukua chai yetu na kushukuru, hakuna hata mmoja aliyemwambia yeye "toka humu."

Halafu akatutangulia, nawe hukupata ruhusa ya kuja. Najua ilivyokuchoma. Ulisema neno moja tu siku ile, na sote tulilisikia kwa sababu simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa: "Jikoni kwa mama pasiguswe mpaka nije." Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilielewa. Ulitaka ukija ukute upawa wake kwenye msumari wake na kile kigoda chake kilichobonyea katikati. Ulitaka kuingia pale na kumkuta kidogo.

Tumelishika neno lako, mwanangu, na aliyelishika kuliko wote ni mke wako. Sisi tulidhani pasiguswe maana yake vitu visihamishwe. Yeye alielewa kwamba moto wa mama usizimike. Mtoto alipozaliwa, akapumzika siku chache hapa kwangu, kisha akarudi kwenu, na asubuhi yake tukaona moshi unatoka juu ya paa kama zamani. Nitakwambia ukweli, nilifurahi. Kwa kitambo kidogo ilikuwa kama dada yangu yumo mle ndani.

Unakijua chumba kile. Dirisha lilizibwa kwa bati tangu mvua ile kubwa, ukuta unang'aa kwa masizi, na ukifunga mlango ili kuku wasiingie, moshi hauna pa kutokea. Mke wako alikuwa anapika mle na mtoto mgongoni, maana akimlaza chumbani analia na hakuna wa kumbeba. Mtoto mwenyewe alizaliwa mdogo, unajua. Baba yako mdogo anamwita Bi Mkubwa ili kumtia moyo aongezeke.

Tulipompeleka kliniki, muuguzi alimbeba, akamnusa utosini, akauliza, "Mbona mtoto ananukia jikoni?" Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Hakuwa anacheka. Akauliza, "Mama, ukipika anakuwa wapi?" Mke wako akasema mgongoni. "Basi unachovuta wewe anakivuta na yeye, na kifua chake ni kama cha kifaranga. Mweke mbali na moshi, au pikia kitu kisicho na moshi. Hamna jiko jingine?"

Mke wako akatazama chini, akasema, "Hatuna."

Njiani nikamuuliza kwa nini amesema hatuna. Akasimama katikati ya barabara, watu wanatupita. "Mama mdogo, nitaonekanaje? Udongo wa kaburi haujakauka, mimi nishazima moto wake na kuvua kitambaa chake? Na mume wangu tangu msiba hajaniomba kitu ila hicho kimoja." Nikamwambia basi nitazungumza nawe mimi. Akanisihi nisikuongezee uchungu, akasema atakuwa anaacha mlango wazi. Nikamkubalia. Hilo nalo nalijutia.

Uliambiwa mtoto ana mafua. Hayakuwa mafua. Alipata homa ya mapafu, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na tukalazwa naye. Usishtuke, yuko nyumbani, ananyonya, anakojoa kila nguo niliyomshonea. Amepona, lakini walituambia wazi kwamba akirudishwa kwenye moshi ule, safari nyingine hawatuahidi kitu. Mle wodini nilikaa kwenye kiti kile kile cha chuma, au kilichofanana nacho, nilichokalia nikimwangalia dada yangu. Sauti ya kifua ilikuwa ile ile, ila hii ilikuwa ndogo sana, na hakuna mtu aliyeweza kuiiga akacheka.

Nilifikiri sana pale. Mama yako alikutunzia jiko lako lisiguswe mpaka uje. Wewe nawe unamtunzia jiko lake lisiguswe mpaka uje. Sina wa kumlaumu, kila mmoja amefanya kwa kumpenda mwenzake. Lakini katikati yenu kuna mtoto, na yeye hana namna ya kusubiri.

Siku tuliyotoka hospitali, nilimwacha mke wako apumzike nikaenda dukani kuchukua sabuni. Narudi, namkuta mlangoni mwa jikoni, mtoto mgongoni, ameshika kiberiti. Alikuwa anataka kuchemsha maji ya kumwogesha. Alikuwa amesimama tu, hawashi wala haondoki.

Hapo, mwanangu, neno likanitoka. Sikupanga, nilijisikia tu nasema. "Mumeo amenipigia. Amesema uhamie kwenye gesi."

Akageuka. "Amesema hivyo?"

"Amesema."

"Amesema mwenyewe? Na jikoni kwa mama?"

"Amesema pafungwe, pafagiliwe, visihamishwe vitu. Lakini moto usiwake tena mle na mtoto wake ndani."

Akakaa pale kizingitini, akaniwekea kiberiti mkononi, akalia. Sijamwona akilia hivyo hata msibani. Alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo akaona sasa jinsi shingo inavyouma.

Baba yako mdogo ndiye aliyelitoa jiko sebuleni. Tumeliweka upande wa nyuma chini ya kibaraza, penye hewa, mtungi umesimama vizuri. Jirani dereva aliyezoea gesi ametufungia mpira na kutuonyesha namna ya kuzima. Ungemwona baba yako mdogo siku ya kuwasha! Amenyoosha mkono kama anayelisha mbwa asiyemjua, uso ameugeuzia ukutani, anatuambia, "Nikifa, msimpe mtu randa yangu." Mtoto alilala muda wote huo chini ya chandarua, mbali. Maji yakachemka kabla hatujamaliza kucheka. Kitambaa nimekifua, nimekikunja, kimo kwenye sanduku la mama yako.

Jikoni nilipafagia mwenyewe. Sikugusa upawa wala kigoda. Nilikaa kidogo, kisha nikafunga mlango.

Sasa nimefika kwenye sababu ya barua hii. Mke wako simu yake bado iko kwa fundi, kwa hiyo Jumapili mtazungumza kwa yangu, nami nitakuwa hapo karibu nikijifanya natunga uzi. Atakushukuru. Ameniambia ana maneno mengi ya kukushukuru, na tangu siku ile anatembea tofauti, anaimba kidogo akifua. Anaamini umemruhusu. Mtu aliyekuwa anaogopa kukuvunja moyo hata kwa kumwokoa mtoto wako, ameambiwa na mumewe kwamba hajakosea.

Maneno yale hukuyasema, najua. Ukiwa na hasira, nikasirikie mimi, niandikie kurasa kumi, nitazisoma zote bila kujibu. Ila yeye asizione. Na kama ukiyasoma tena ukaona ni maneno ambayo ungeweza kuyasema, basi Jumapili yaseme kwa sauti yako, ili yasiwe uongo tena.

Baba yako mdogo anakusalimu mara ya pili, anasema redio itapona. Shangazi yako muuza vitambaa anakusalimu, pamoja na binamu zako mapacha na yule mzee kinyozi wa mkabala, ambaye kila siku anauliza lini unarudi kunyolewa. Mke wako anakusalimu bila kujua kwamba naandika. Mtoto ameanza kutabasamu, kwa sasa anaitabasamia taa tu, lakini tunalihesabu.

Mungu akulinde na baridi ya mahali hapo, aupoze moyo wako taratibu, na akulete nyumbani siku ambayo mtoto huyu atakuwa na pumzi za kukukimbilia.

Wako akupendaye, aliyekubeba kabla hujajua kutembea,

Mama yako mdogo.