Kuku wa Chatu

Kawangware, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Naomba barua hii ikukute umeketi kivulini na kikombe cha chai, si umeinama shambani kama ninavyokujua. Mgongo unaendeleaje? Na Baba, ile dawa ya macho anaitia machoni au ameiweka dirishani itazame njia? Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala, na kikohozi cha miezi ya baridi kimekwisha.

Naandika kwa sababu kwenye simu kila nikianza jambo refu unaniambia, "Maliza haraka, salio litaisha," hata kama ni mimi niliyepiga. Shangazi Rose anasafiri kesho kuja nyumbani. Nimempa bahasha hii aiweke ndani ya Biblia yake isikunjike. Najua utataka kujua kwanza kama kazi bado ninayo. Soma polepole, nitafika huko.

Baba aliuliza karani anafanya nini mahali pa wanyama, kwani tumbili wanaandikiwa barua? Mwambie bustani kama yetu haiendeshwi na Wafula mlishaji peke yake. Kuna shule za kupangia siku za kuja, kuna daktari wa mifugo wa kubembeleza aje bila malipo, kuna vibali vya serikali, kuna maji ya kuagiza mifereji ikikauka. Hayo yote yanapita mikononi mwangu. Bustani iko upande wa juu wa Lindi, pale Kibera inapopakana na shamba la kanisa. Haina tajiri nyuma yake. Ni shirika lisilo la faida, ni mali ya wanachama wake, na kila kinachoingia mlangoni kinarudi kwenye chakula na dawa. Wanyama wenyewe wengi ni majeruhi na wastaafu: tumbili aliyekatwa mkono na nyaya za stima, kobe waliookotwa kwenye makaburi ya magari, punda mzee aliyevuta mikokoteni ya maji maisha yake yote. Mama, huyo punda ndiye watoto wa Sarang'ombe, mtaa wa jirani, wanampenda kuliko wote. Punda wanawaona kila siku njiani, lakini punda aliyepumzika hawajawahi kumwona.

Tatizo letu ni ardhi. Ni ya kanisa, si yetu. Kila mwaka wazee wa kanisa wanakuja kwenye mkutano mkuu, wanasikiliza taarifa ya maendeleo, kisha wanaamua kama tutakaa au tutahama. Tukihama hatuna pa kwenda. Wanyama watagawanywa huku na huku, na mimi nitarudi nyumbani na diploma yangu kama nilivyoibeba nikija. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja tu, nao ulikuwa unaisha mwezi uleule wa mkutano.

Mwaka wenyewe haukuwa mbaya. Kila asubuhi nikitoka nyumbani napitia soko la Kawangware, ambako mama mboga wanatuwekea yale majani ya nje ya kabichi ambayo wateja hawayataki, na sisi tunawaachia watoto wao waingie bure. Mwanzoni nilikuwa naona haya kubeba gunia la majani nikiwa nimevaa sketi ya ofisi. Siku hizi wananiita Madam Kobe na ninaitika. Mbolea tunawapa akina mama wanaolima sukuma wiki kwenye magunia, na wao wakivuna wanatukumbuka. Banda la tumbili limejengwa upya na mafundi wa kuchomelea wa hapahapa. Shule zimeongezeka hadi Jumatano nakosa pa kuzipanga. Lakini pia tulimpoteza mbuni. Mgeni alimrushia kifuniko cha chupa, naye mbuni hakatai kitu. Hilo nalo nililiandika kwenye taarifa.

Sasa nikueleze habari ya chatu.

Wachimba mtaro walimkuta kwenye majani wakampiga sepetu ubavuni kabla mmoja wao hajapata akili ya kupiga simu. Watu wa wanyamapori wakatuletea tumtunze, kwa sababu kwa jeraha lile hangeweza tena kuwinda. Hatukujua ana mimba. Wafula, ambaye ni Mluhya wa Bukusu na haogopi chochote ila mke wake, alimtengenezea chumba chenye kioo na mchanga wa joto, na muda si mrefu chatu akataga humo, akajizungusha juu ya mayai yake kama kata ya kubebea mtungi, akatulia. Mimi sikuwahi kupita mlango wa nje. Nilikuwa nasimama uani nauliza, "Wafula, yupo?"

"Angekuwa hayupo ningekuwa nimekaa hivi?"

Habari zikafika Lindi. Jumamosi moja akaja Mama Pilista, yule niliyekuambia anauza omena, na wanawake wenzake kutoka kwetu ziwani. Walikuja wakiimba. Mmoja alibeba unga wa wimbi, mwingine maziwa, na Mama Pilista mwenyewe alikuwa na kuku mwekundu kwapani. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba chatu, *ng'ielo* wetu, akionekana karibu na boma hapigwi, kwa kuwa huja na mvua na mavuno. Wafula hakufundishwa hivyo. Aliziba mlango kwa mwili wake.

"Mama, hapa hakuingii kuku."

"Kwani kuku atalipa kiingilio?"

"Sheria ni sheria, mathe."

"Ai! Mluhya anamkataa kuku? Wenzako wanajua?"

Wanawake wakaangua kicheko, na Wafula naye akacheka, na mtu akishacheka mlangoni huwa ameshashindwa. Waliingia, wakamtazama kwa heshima, wakampigia vigelegele vya chini kwa chini ili wasimsumbue, wakaenda zao. Kuku akabaki.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Chatu akiatamia hali chochote, na kuku akiingizwa mle ndani anaweza kumchokoza mpaka aache mayai. Kumrudisha kuku wa watu ni tusi. Kuchinja zawadi isiyo yako ni aibu, ingawa nilimwona Wafula akimtazama yule kuku kwa muda mrefu. Mwisho alimweka kwenye katoni pembeni ya chumba cha nje, "mpaka Jumatatu tu." Jumatatu kuku alikuwa ametaga. Baada ya siku chache akaanza kuatamia, mayai ambayo hata hayana jogoo. Kwa hiyo tukawa na mama wawili, kioo katikati, kila mmoja juu ya mayai yake, na hakuna anayemjali mwenzake. Walimu wakaleta madarasa mazima kuja kutazama. Nami nikasimama uani nikawa nawaelekeza kwa kidole.

Lakini mtu alipiga video. Ikazunguka kwenye simu za watu hadi Kawangware, na maneno yakiambatana nayo: bustani ya kanisa inaabudu nyoka, inamtolea kuku kafara.

Mama, nilikosa usingizi. Taarifa nilikuwa nimeshaiandika, na chatu nilimpa mstari mmoja, mfupi, bila wanawake na bila kuku. Mkurugenzi wetu, Madam Kageha, aliisoma akiwa amesimama. Akanitazama juu ya miwani.

"Mbuni aliyekufa umemwandika. Kuku aliye hai umemficha?"

"Naogopa wazee, Madam."

"Wameshaona video. Wakisikia umenyamaza watajua kuna la kuficha. Andika. Halafu wewe ndiye utakayeisoma."

"Mimi? Madam, nikisimama mbele ya watu sauti yangu inaenda."

"Itarudi. Haina nauli ya kwenda mbali."

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti wa wazee ni Mzee Lubanga, fundi wa vitanda Kawangware, mtu wa Vihiga, mpole lakini hapepesi macho. Nilianza kusoma kama mtu anayesoma hukumu yake. Nilipofika kwa watoto wa shule nikasikia sauti yangu imekaa sawa. Nilipofika kwa kuku, Mzee Lubanga aliinua mkono.

"Binti, ngoja hapo. Ni kweli watu wanaleta kafara kwa nyoka kwenye ardhi ya kanisa?"

Nilimtazama Madam. Alikuwa anatazama dirisha. Sijui niliyatoa wapi maneno, Mama, labda ni wewe ulikuwa unaniombea saa ile.

"Mzee, naomba nikuulize kwa heshima. Mtoto wako wa mwisho alipozaliwa, watu wa kwenu walikuja kumwona mama yake wakiwa na nini?"

Akafikiri. "Kuku. Kuku na unga."

Kutoka nyuma, walikoketi wanachama na majirani, Mama Pilista akadakia, "Kwa hivyo walikuwa wanamwabudu mke wako?"

"Mke wangu si nyoka!"

"Hata sisi hatujasema. Lakini mzazi ni mzazi. Mimi ni mwana wa Mungu, nimeokoka kabla huyu binti hajazaliwa. Nilienda kumwona mzazi, na kwetu mzazi haonwi mikono mitupu. Kwenu je?"

Wazee walicheka, na Mzee Lubanga pia, akijaribu kuficha kwa kikohozi. Kisha uso wake ukarudi mahali pake.

"Kucheka tumecheka. Lakini mimi ndiye naulizwa na waumini. Nataka kuona kwa macho yangu ndipo tuamue."

Tukatoka wote. Wafula alikuwa amejichimbia kwa punda, makusudi nadhani. Madam Kageha akanipa ufunguo mbele ya watu. Mama, sikuwa na ujasiri. Nilikuwa na ufunguo. Nikafungua mlango ambao tangu chatu aletwe nilikuwa nauzungumzia kutoka uani, nikaingia wa kwanza kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuwa wa kwanza. Kuku alitugunia. Mzee Lubanga akaruka, akasimama nyuma yangu, akanishika mkono wa sweta, nami nikamwambia, "Usiogope mzee, huyo ni kuku," nikashangaa kusikia ni mimi ninayesema.

Chatu hakutikisika. Nilikuwa nimemwaza siku zote hizo kuwa mkubwa kuliko alivyo, na mbaya. Kovu la sepetu linaonekana ubavuni, rangi ya udongo uliopasuka. Kichwa amekilaza juu ya mzunguko wake kama mtu aliyechoka kungoja.

"Anakula nini?" mzee akaniuliza kwa kunong'ona.

"Hajala tangu atage. Hata akiwekewa hagusi."

"Na baba yao yuko wapi?"

Mama Pilista akajibu kabla yangu. "Alienda kutafuta kazi, mzee. Tunangoja atume kitu."

Walicheka hadi wakashika kuta, kwa kuwa hakuna mwanamume pale ambaye hakuacha mtu magharibi akiahidi kutuma. Mzee Lubanga peke yake ndiye aliyeacha kucheka mapema. Alisogea karibu na kioo, mkono wake bado umeshika sweta yangu.

"Tukisema ahamishwe leo, haya mayai?"

"Yatapoa, mzee. Yakipoa yamekufa."

Aliachia sweta yangu. Kisha akawageukia wenzake. "Basi hahamishwi mtu hapa."

Walituandikia miaka miwili, Mama, si mmoja kama zamani. Na Madam Kageha aliniita ofisini siku ya pili akaniambia kuanzia mwezi ujao mimi ni karani wa kudumu, na madarasa yakija nitayaingiza kwa chatu mimi mwenyewe. Nilisema ndiyo kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Bado moyo unanidunda nikishika ule mlango, sitakudanganya. Lakini mkono unafungua.

Wazee walitoa sharti moja: bango mlangoni, zawadi zikome. Nikaandika kwa herufi nzuri, kama tulivyofundishwa chuoni: "Wageni wote wanaombwa kuja mikono mitupu." Mama Pilista akapita, akasoma, akasimama mikono kiunoni.

"Akinyi, nani amekufunza kuandika matusi?"

Nikalitazama tena, nikaona uso ukiwaka. Kumwambia mtu wa kwetu aje mikono mitupu! Nikalibandua. Nilienda kwa Mzee Lubanga kwenye karakana yake, nikamweleza, naye akaweka randa chini akacheka akasema hata mke wake angemfukuza nyumbani akisoma vile. Tukakubaliana maneno mengine: "Zawadi za mzazi zipokelewe ofisini kwa karani." Kesho yake kabla sijafungua dirisha wanawake walikuwa wamepanga foleni, kuku kwapani. Taarifa ya mwaka ujao nimeshaanza kuiandika, na imebidi niongeze sehemu mpya: ufugaji wa kuku.

Nisalimie Baba na umwambie tumbili hawajaandika bado, lakini nitamjulisha. Nisalimie Dani, mama yake Baba, umsomee pale pa chatu mara mbili kwa sauti. Nisalimie mdogo wangu Ouma, na mwalimu wangu wa shule ya Jumapili, na jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. Ukipata nafasi ya kuandika, niambie mvua zimefikaje.

Kwa mapenzi na heshima, ndimi binti yenu,

Akinyi