Bitana ya Mfuko wa Upepo

Mgwashi, Bumbuli
Jumatano, 12 Machi 2025

Mpendwa kaka Abrahamu,

Shikamoo. Hali yako huko Tunduru? Wifi Beatha kifua kimempa nafuu? Sisi tunaendelea, mvua zimeanza na baridi ni ile ile uliyoikimbia.

Kabla hujasoma zaidi, kaa chini. Mwanao Elinuru yu hai. Amevunjika mguu, amefungwa hogo la plasta. Ila pale alipokupigia simu akasema ameteleza bafuni, alikudanganya usije ukapandwa na presha. Ndege ilimshinda akitua hapa kwetu, Ijumaa.

Unakijua kile kiwanja cha nyasi juu ya shamba la chai. Mwezi uliopita Nikodemo, anayekitunza, aliniletea ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia mlingotini kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Ulikuwa umechanika vibaya, akataka nimshonee mwingine. Nami unanijua na cherehani yangu: nguo ya milimani bila bitana, kile kitambaa cha pili cha ndani, kwangu si nguo. Nikautia bitana ya joho kuukuu la kwaya, zito haswa. Nikodemo akausifu, akasema huu hauchaniki ng'o.

Ijumaa Elinuru alikuwa anamleta daktari wa macho. Nilimsubiri kiwanjani na chupa ya chai na maandazi yake. Upepo ulivuma kutoka nyuma yake, mkali mpaka ukaning'oa kilemba. Nikautazama mfuko: umelala tu. Sikuelewa. Yeye naye aliutazama huo huo, akaamini hakuna upepo, akashuka huku upepo unamsukuma mgongoni.

Magurudumu yaligusa nyasi ameshapita katikati ya kiwanja. Akashika breki, ndege haisimami. Haisimami, kaka! Ikaruka mtaro, ikazamisha pua kwenye michai. Kisha kimya. Mungu wangu, kimya kile! Tulikimbia, harufu ya mafuta imetanda, tukauvuta mlango mimi na Nikodemo hadi kucha zikanitoka damu. Daktari alitoka na jeraha kwenye paji la uso. Mwanao tukamtoa, akaniuliza kama mimi nimeumia.

Sasa watu wanasema kijana alikuwa anajionyesha kwa watu wa kwao. Kesho wanakuja wachunguzi kutoka Dar, na leseni yake iko mikononi mwao. Jumamosi, nilipotambua kuwa uzito wa bitana ndio uliouzuia mfuko usiinuke, nilimweleza. Kumbe alishaitambua!

"Shangazi, nyamaza," akaniambia. "Mlima mzima utakucheka, nani atakuletea nguo tena? Rubani ndiye mwenye kutazama."

Nami nikanyamaza, siku nne nzima, mtoto anasemwa. Hizo siku nne zinaniuma kuliko hata bitana yenyewe. Nisamehe.

Leo nimemwambia Nikodemo aushushe mfuko. Uko hapa mezani ninapoandika. Sijakata uzi hata mmoja. Kesho nitawapa wachunguzi, wautundike wenyewe waone, na nitasema ni kazi ya mikono yangu. Elinuru akinuna, anune. Wa kucheka wacheke.

Nisalimie wifi na binti yako Rahabu na wanawe. Mungu awafunike huko mliko. Ukija, hasira zako usimpelekee mtoto, niletee mimi. Tangu shati lake la ubatizo, kila nguo niliyomshonea Elinuru nimeitia bitana, baridi isimpate. Huu mfuko mmoja tu, kaka, ndio uliotakiwa upigwe na upepo.

Mdogo wako akupendaye, na leo akuogopaye,
Esteria